Ishi Kwanza, Nunua Baadaye: Maisha na Uwekezaji Tembalang, Semarang

Hotuba hii niliitoa Jakarta, kwenye mkutano wa ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Indonesia. Wengi hawakuweza kufika na wameniomba niiandike. Hii hapa yote, kama nilivyoisema.

Wazee wetu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, wanafunzi mliotoka Yogyakarta, Bandung na Surabaya, na nyinyi wenye familia mliokuja na watoto, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie kuishi na kuwekeza kwenye viunga vya mji wa bandari. Bandari ninayoijua mimi ni Semarang, makao makuu ya Jawa ya Kati. Na kiunga ninachokijua ni Tembalang, huko juu vilimani, ambako nilikuja kusoma Chuo Kikuu cha Diponegoro kwa ufadhili wa serikali ya nchi hii, nikaolewa, nikabaki. Kwa hiyo sitagusa habari za Bali wala za maghorofa ya Jakarta. Nitawaambia ya Tembalang, na kuna neno moja nitalirudia mpaka mlizoee: ishi kwanza, nunua baadaye.

Nani hapa ameshawahi kushuka kwenye stesheni ya Tawang? Naona mikono michache. Ukitoka nje ya stesheni ile unakuta bwawa kubwa, na wageni hupiga picha wakidhani ni la urembo. Bwawa lile lina kazi. Linapokea maji ya mitaro ya mji mkongwe, kisha mapampu yanayasukuma yaende zake, kwa sababu sehemu ile iko chini mno kiasi kwamba maji hayatoki yenyewe. Huu ndio mji ulioanzisha reli ya kwanza nchini, tarehe 10 Agosti 1867, kutoka Semarang kwenda Tanggung. Mitaa ya Kemijen, ilipoanzia reli hiyo, leo ni miongoni mwa mitaa inayopigwa sana na maji.

Semarang ina mji wa chini na mji wa juu. Mji wa chini ni tambarare ya kaskazini, penye bandari ya Tanjung Emas. Mji wa juu ni vilima vya kusini vinavyopanda kuelekea Mlima Ungaran. Tambarare ile ni tope laini lililoletwa na mito, halijakomaa. Juu yake wamejenga viwanda, maghala na nyumba, na kwa miaka mingi watu wamevuta maji ya ardhini kwa visima virefu. Ardhi inatitia. Sehemu nyingine inatitia kwa kiasi cha hadi sentimita 10 kwa mwaka. Hebu fikirini, sentimita 10 kwa mwaka! Mtoto akizaliwa leo katika nyumba ya namna hiyo, siku anapoanza darasa la kwanza nyumba imeshashuka zaidi ya nusu mita.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Bandarharjo, jirani na bandari. Siku nilipopelekwa kutambulishwa ilinibidi niiname kuingia mlangoni. Mlango ule ulijengwa mrefu kama milango mingine yote. Kilichotokea ni kwamba kila baada ya miaka kadhaa baba mkwe alikuwa akinunua udongo kwa malori, anajaza ndani ya nyumba, kisha anamwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Asingefanya hivyo, barabara ya mbele, ambayo nayo huinuliwa, ingemwacha shimoni. Sakafu imepanda, dari imebaki palepale. Swichi ya taa, ambayo kwetu sote iko usawa wa bega, pale iko usawa wa goti, na mjukuu wa miaka miwili anaizima na kuiwasha anavyotaka. Dirisha la sebuleni limebaki kipande cha juu tu. Ukikaa kwenye kochi unaona miguu ya wapita njia.

Nawauliza ndugu zangu: fedha zile za malori ya udongo, ni uwekezaji? Familia ile imeinunua nyumba yake mara mbili, mara tatu, na bei yake haijapanda.

Sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja bamvua tunaijua. Tunajua bahari hujaa na kupwa, na tunajua siku zake. Watu wa Semarang maji hayo huyaita *rob*, ila bamvua yao inaingia jikoni. Tarehe 23 Mei 2022 ukuta wa kuzuia bahari ulibomoka kwenye eneo la viwanda la bandarini. Yale hayakuwa maji ya mvua, ilikuwa bahari. Wafanyakazi wa viwandani, wengi wao wanawake, walitoka kazini wakipita ndani ya maji, na pikipiki zao zimezama kwenye maegesho. Wifi yangu alikuwa mmoja wao. Hata nguo zake hazijakauka vizuri alikuwa ameshaanza kuuliza vyumba vya kupanga huku kwetu juu. Na ukienda mashariki kidogo, Sayung katika wilaya ya Demak, kuna kijiji cha Timbulsloko ambako mashamba yamekuwa bahari, na watu wanatembea kutoka nyumba hadi nyumba juu ya madaraja ya mbao.

Sasa mnaelewa kwa nini Tembalang inakua. Watu husema ni chuo, na ni kweli, maana Chuo Kikuu cha Diponegoro kilihamisha sehemu kubwa ya vitivo vyake kutoka Pleburan, katikati ya mji, na kuvipandisha Tembalang, na chuo cha ufundi cha serikali kiko huko huko. Husema ni barabara ya kulipia, na hilo pia ni kweli, kwa sababu kipande cha kwanza cha barabara ya Semarang hadi Solo kilifunguliwa mwaka 2011 na sasa mtu wa Tembalang anaingia barabarani asubuhi akaenda mpaka Surabaya bila kusimama kwenye taa hata moja. Ila chini ya yote hayo kuna hofu ya maji. Mji wa Semarang unapanda mlima kwa sababu mguuni pamelowa.

Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo dalali anapowapata watu. Dalali atakwambia: huku ni juu, huku hakuna mafuriko. Jamani, kuwa juu hakutoshi! Tarehe 6 Januari 2023 Mto Pengkol ulivunja kingo zake na kuingia kwenye nyumba za mtaa wa Dinar Indah, Meteseh. Meteseh iko wapi? Iko Tembalang. Nyumba zile zilijengwa kwenye kona ya mto, chini ya vilima ambavyo kila mwaka vinapoteza miti na kupata mapaa, na maji ya mapaa yote hayo lazima yaende mahali. Kisha njoo Rowosari, Tembalang hiyo hiyo, mwezi wa tisa. Utaona watu wamepanga madumu barabarani wakisubiri lori la maji. Kata mbili zinazopakana. Moja inazama Januari, nyingine inakauka Septemba.

Ndiyo maana nasema ishi kwanza. Panga nyumba. Iangalie Januari mvua ikinyesha usiku kucha, uone mtaro unakwenda wapi. Iangalie Septemba, ufungue bomba saa kumi na mbili jioni, saa ambayo kila mtu anaoga, uone kama linatoa maji au linatoa pumzi. Nyumba ukiitazama Juni, jua linawaka na ukuta umepakwa rangi jana, umeona nini?

Kuna jambo la historia ambalo kila nikilisoma linanigusa. Indonesia ilipoanza kutoa mikopo ya nyumba kupitia benki ya BTN, Desemba 1976, nyumba za kwanza kabisa zilikuwa Semarang. Miaka ile mji ulikuwa bado unatazama baharini. Mitaa ya fahari kama Tanah Mas ilijengwa kaskazini, mahali palipokuwa na mabwawa ya kufugia samaki, na walionunua walikuwa watu wenye kazi nzuri na akili timamu. Walitazama barabara, wakatazama shule, wakatazama umbali wa kufika mjini. Vyote vilikuwa sawa. Leo wakazi wa huko wana umoja wao wa kuchangia mapampu ya kutoa maji. Watu wale hawakuwa wajinga hata kidogo. Walinunua kabla mtaa haujapata umri wa kuwaonyesha tabia yake.

Nije kwenye karatasi.

Sheria ya msingi ya ardhi ya nchi hii ni ya mwaka 1960. Umiliki kamili, *Hak Milik*, ni wa raia wa Indonesia peke yao. Mimi ni Mtanzania mpaka leo, kwa hiyo siwezi kuupata, na ninyi wengi hamuwezi. Kuna haki ya kujenga, *Hak Guna Bangunan*, ambayo ina miaka 30 na inaweza kuongezwa 20. Nyumba nyingi za makampuni ya ujenzi huuzwa zikiwa na hati hiyo, raia akaja kuibadilisha baadaye. Sisi wageni wenye kibali cha kuishi tumewekewa haki ya kutumia, *Hak Pakai*: miaka 30, kuongezwa 20, kisha kuhuishwa 30. Ila nyumba lazima iwe na bei isiyopungua kiwango ambacho wizara imekipanga kwa kila mkoa, na nyumba ya kawaida ya Tembalang, ile ndogo ya mita 36 za mraba juu ya kiwanja cha mita 72, haifiki hapo.

Sasa watu wetu hufanya nini? Hununua kwa jina la rafiki. Simameni hapo! Namjua kijana mmoja wa Afrika Mashariki, mchapakazi, muuza samani za mji wa Jepara kwenda ng'ambo. Alinunua kiwanja kwa jina la rafiki yake Mjawa waliyekula naye sahani moja. Rafiki alikuwa mtu mwema, hakumdhulumu hata siku moja. Alikufa kwa ajali ya pikipiki. Warithi wakafungua kabati, wakakuta hati ina jina la baba yao, wakauza. Kijana alikwenda kwa mwanasheria akiwa na karatasi ya makubaliano yao ya siri, na mwanasheria akamshauri asiitoe popote, kwa sababu kifungu cha 26 cha sheria ile ile kinasema makubaliano ya kumpa mgeni umiliki kwa mlango wa nyuma ni batili, na ardhi yenyewe inaweza kurudi serikalini. Wema wa rafiki si hati, ndugu zangu. Narudia: wema wa rafiki si hati.

Na nyinyi mliooa au kuolewa na raia wa huku, hili ni lenu. Kama hamna mkataba wa kutenganisha mali, ardhi mnayonunua ndani ya ndoa inahesabika ni ya wote wawili. Na kwa kuwa mmoja wenu ni mgeni, mwenzako raia anajikuta hawezi kuishika kwa umiliki kamili. Zamani mkataba huo ulikuwa halali ukifungwa kabla ya harusi tu. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba unaweza kufungwa hata mkiwa tayari ndani ya ndoa. Wengi bado hawajui. Mimi na mume wangu tuliufunga kabla. Wapo waliotuuliza tunapangaje mgawanyo kabla hata ya mapenzi kuanza, na mama mkwe akawauliza kwa niaba yetu watoto watalala wapi baba yao akikosa kiwanja.

Jambo la mwisho kwenye karatasi, nalipitia haraka. Mtu akikuonyesha *girik* au *Letter C*, hiyo ni kumbukumbu ya zamani ya kodi ya ardhi, siyo hati. Kanuni ya mwaka 2021 ilitoa miaka 5 watu wasajili ardhi za namna hiyo, muda wake ukiishia Februari 2026, na baada ya hapo karatasi hizo hazihesabiki tena kuwa uthibitisho. Muulizeni mthibitishaji wa ardhi, yule wanayemwita PPAT, aikague hati katika ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata malipo ya awali. Na kwenye bajeti kumbukeni kodi ya mnunuzi, ambayo ni asilimia 5 ya bei baada ya kuondoa kiasi kisichotozwa kodi. Watu huhesabu bei ya nyumba, wakafika mezani wakaishiwa.

Haya. Mmeishi, mmeona maji, karatasi ziko sawa. Je, Tembalang inalipa?

Biashara kubwa ya Tembalang ni vyumba vya wanafunzi, *kos*. Ukipita mitaa ya nyuma ya chuo, Bulusan, Kramas, Banjarsari, kila nyumba ya pili ina kibao: kos ya wasichana, kos ya wavulana, choo cha ndani, intaneti. Kando ya kila kos kuna dobi wa kupima nguo kwa kilo, duka la kutoa nakala, na kibanda cha tambi na uji wa choroko kisichofungwa usiku. Mwezi wa nane wanafunzi wapya wanapoingia, wazazi wanatembea na mabegi mlango hadi mlango. Ukiona mwezi ule peke yake utauza shamba la babu Muheza ujenge kos.

Jirani yangu wa kushoto, mama mmoja mjane, alijenga vyumba 12 kwa mkopo wa benki. Vilijaa. Kisha ikaja Machi 2020, corona, vyuo vikaambiwa vifundishe kwa mtandao. Wanafunzi walirudi kwao wakidhani ni likizo fupi. Waliacha vyungu vya umeme vya kupikia wali, waliacha ndala mlangoni, waliacha nguo kwenye kamba. Hawakurudi mwaka ule, na mwaka uliofuata wengi hawakurudi pia. Nani alipie chumba asichokilalia? Benki ililegeza masharti kwa muda, kisha ikataka marejesho yake. Yule mama aliuza gari, akauza dhahabu yake ya harusi. Nilikuwa namwona jioni anafagia kibaraza chenye ndala kumi na mbili ambazo hakuna mtu aliyezivaa.

Jirani wa kulia ana nyumba ndogo zaidi. Mbele kaweka dobi la kilo. Nyuma ana vyumba vinne, na tangu mwanzo alikataa kuvijaza wanafunzi. Viwili aliwapa wauguzi wa hospitali ya chuo, kimoja fundi wa kompyuta, kimoja mwanafunzi. Watu walimshangaa, maana mwanafunzi hulipa vizuri na hulipiwa na baba yake. Corona ilipokuja alipoteza mpangaji mmoja tu, na wauguzi ndio kwanza walikuwa hawatoki kazini. Yeye hakuwa na utabiri wowote. Alikuwa amekaa Tembalang tangu kukiwa na mashamba ya mihogo, anawajua watu wanaopita mlangoni kwake saa kumi na moja alfajiri, na aliwapangisha hao aliowaona wakipita.

Kwa hiyo ndiyo, Tembalang inalipa. Ila inamlipa anayejua nani anahitaji chumba Desemba chuo kikiwa kimefungwa. Utajuaje hilo ukiwa Jakarta? Utajuaje ukiwa Dar es Salaam na picha kwenye simu?

Sasa majirani. Kila mtaa wa Indonesia una RT, kikundi cha kaya kadhaa chenye mwenyekiti wake. Wazee wa Tanzania hapa watamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Ukihamia unajiandikisha kwake, ukipata mgeni wa kulala unatoa taarifa. Wanaume wana zamu ya kulinda usiku. Kuna siku ya kufagia mitaro pamoja. Wanawake tuna *arisan*, yaani upatu, tunakutana nyumba hadi nyumba kila mwezi, tunachanga, jina linatolewa, mmoja anaondoka na fungu. Wageni wengi hulipa faini ya kutohudhuria wakaona wameokoa muda wao. Dada zangu, msifanye hivyo!

Tulipokuwa tunatafuta kiwanja, tulipenda kimoja cha kona. Kipana, bei nzuri, hati safi kabisa, ofisi ya ardhi imekagua. Mume wangu alikuwa tayari kulipa. Nikaenda kwenye arisan, nikakaa karibu na bibi mmoja aliyezaliwa palepale, mfinyu wa macho, anakula lumpia, vile vitafunwa vya kukunja vya Semarang, taratibu. Nikamtajia kiwanja. Akaweka sahani chini, akasema: mwanangu, pale tulikuwa tunafua nguo. Palikuwa na mkondo wa maji. Walijaza kifusi, wakapima viwanja.

Hakuna ramani niliyooneshwa yenye mkondo ule. Dalali hakuusema, na huenda hata yeye hakuujua. Hati haikuwa na kosa lolote. Aliyejua alikuwa bibi wa upatu, na asingeniambia kama nisingekuwa nimeshaketi naye miezi mingi tukichanga pamoja. Mtu mwingine alinunua kile kiwanja, akajenga vizuri. Mvua kubwa ya kwanza ukuta wa uzio ulipasuka kuanzia juu mpaka chini, na sasa kila mwaka anauziba.

Ndugu zangu, muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa wanaotaka kuja kujaribu maisha ya Semarang, jueni kwamba nyumba za kupanga kwa kawaida hulipwa mwaka mzima kwa mkupuo. Msikubali mkataba wa miaka miwili kwa ajili ya punguzo; chukueni wa mwaka mmoja, uanze Oktoba, ili mvua zote ziwakute ndani. Mkifika nitawapeleka kwa mwenyekiti wa RT mwenyewe, na akina mama nitawapeleka kwenye arisan Jumapili ya kwanza ya mwezi. Njooni na mchango wenu mkononi.

Sasa naomba maswali. Naomba tuanze na wale wenye wenza Waindonesia ambao hawana mkataba wa mali, kwa sababu nina majina ya vifungu vyote hapa kwenye karatasi na ningependa muondoke mmeandika.